AC ya dirisha kwenye famasi ya mtaani, nimeipitisha misimu miwili ya joto na bado naitetea

Watu wakisikia AC ya dirisha wanacheka, wanasema hayo mambo ya ofisi za zamani za serikali, siku hizi ni split tu. Sawa. Mimi nina famasi Tabata hapa Dar, fremu ya mita tatu na nusu kwa nne, na hii ya boksi moja iliyopenya ukutani naitetea bila aibu, ila kuna vitu kwenye kuifunga na kuifanyia sevisi ambavyo muuzaji hakwambii na fundi ukimwachia mwenyewe anaharibu, ndo maana naandika kirefu mnivumilie.

Kwanza kwa nini sikuchukua split. Split ina lile boksi la nje lenye feni, na mtaani kwetu yale maboksi yanatembea usiku. Mwizi haitaki AC, anataka kopa (shaba), anakata mabomba anaenda kuuza kwa kilo kwa wa chuma chakavu, asubuhi unakuta vyuma vya kushikilia vimebaki vinakutazama. Jirani yangu wa saluni yalimkuta, akanunua nyingine na hiyo nyingine ikabidi ajengewe grili ya nondo nje, na fundi wa kuchomelea naye hakuja bure. Hii ya kwangu kompresa, koili zote mbili, feni na gesi viko kwenye kasha moja, gesi imewekwa na kuzibwa kiwandani, hakuna bomba la kuunganisha saiti. Na hapo ndo penyewe hasa, maana split nyingi hapa mjini zinavuja pale kwenye maungio, fundi kapanua mdomo wa bomba vibaya, vakyumu pampu hana, hewa anaifukuza kwa kuachia gesi ya mashine yenyewe pshhh halafu anakwambia bosi tayari. Kwenye boksi hiyo hatua haipo, kwa hiyo fundi wa hovyo ana nafasi chache za kukuharibia. Chache, sijasema hana.

Nilinunua Kariakoo, BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), mpya, laki saba na kitu baada ya kupatana sana. Brand nitaiacha maana hizi muundo ni uleule. Kwa fremu ya mita za mraba 14 BTU 9,000 ingetosha kwenye karatasi, ila mimi nina friji mbili ndani zinazotema joto, mlango wa kioo unaofunguliwa kutwa nzima na jua la jioni linapiga mbele, kwa hiyo 12,000. Wakikuletea za mtumba kutoka Uarabuni igeuze kwanza usome kibati cha nyuma. Saudia umeme wao ni 60Hz, wetu ni 50Hz, mashine ya kule ukiichomeka hapa mota inazunguka pole pole na inachemka. Na ukiona imeandikwa R22 jua unanunua gesi inayoondolewa sokoni kwa mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni, nchi zetu mwisho ni 2030 na baada ya hapo inabaki kidogo tu ya matengenezo, bei yake unaweza kujijazia mwenyewe. Yangu ni R410A.

Sasa kufunga. Hapa ndo pa kusimama na fundi mguu kwa mguu hata kama wateja wanasubiri.

Ukuta wa nyuma wa fremu yangu umejengwa tofali za kulaza, ukiweka na plasta unafika sentimita 25 hivi. Fundi wa kwanza niliyeitiwa akapima akasema dada tutaisukuma iishie sawasawa na ukuta kwa nje, inapendeza. Angalia ubavuni mwa hizi mashine, ile nusu ya nyuma ina matundu ya kuvuta hewa kulia, kushoto na juu. Hewa hiyo ndo inapita kwenye koili ya moto kutoa joto. Ukizamisha matundu ndani ya ukuta mnene mashine inakosa pumzi, presha inapanda, kompresa inajizima yenyewe kwa joto, inawaka, inajizima, na wewe unaanza kuambiwa gesi ndogo. Nikamwambia kaka hapana, matundu yote yabaki nje, akaona namfundisha kazi, akapandisha bei, tukaachana kwa amani.

Aliyefunga ni mzee mmoja kaletwa na yule jirani wa saluni. Tundu alilitoboa palepale chini ya linta, hivyo hakukuwa na haja ya kumwaga linta nyingine juu ya tundu, na baridi ikitoka juu inashuka yenyewe. Ndani ya tundu akaweka boksi la mbao lililopakwa dawa ya mchwa, nje akachomelea stendi ya anguo (vyuma vya pembe) mbili za umbo la V, maana kitu kina kilo 40 hivi huwezi kuining'iniza kwenye mbao tu, kisha juu ya stendi akaweka grili nyepesi iliyoachana na mashine kama kiganja ili isizibe hewa. Akachukua pima maji, kwa mbele ikawa juu kidogo, kwa nyuma imeinama kama sentimita moja. Hiyo sentimita ndo inaamua maji yatatoka nje au yatashuka kwenye shelfu ya dawa. Pembeni zote akajaza foam, akakata iliyozidi kwa kisu ikikauka.

Kitu kimoja kilinichekesha. Tulipoiwasha, baada ya muda ukawa unasikia maji yanachapwachapwa ndani, kijana wake akakimbilia drili atoboe sakafu ya mashine maji yatoke, mzee akamkemea palepale. Kumbe feni ya nyuma ina pete inayochota maji yaliyokusanyika na kuyarushia koili ya moto, yanaipoza, na mashine inafanya kazi kwa unafuu. Yale yanayozidi yana tundu lake nyuma, tukaunga mpira mpaka kwenye ndoo. Kwa unyevu wa Dar ndoo inajaa haraka kweli. Bodaboda wa kijiweni wakaanza kuja kuomba maji ya betri, nikawa nawakatalia, yale yamepita kwenye vumbi la koili na chuma, si masafi hata kidogo, ya kupigia deki sawa.

Umeme. Tafadhalini msiichomeke kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu mnayoshea na friji. Yangu inakula amp 5 na nusu ikiwa inatembea, ndogo tu utasema, lakini pale kompresa inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo, na soketi zetu za bei rahisi zikishalegea zinaanza kuungua taratibu, plagi inageuka rangi ya kahawia, siku moja unanusa plastiki. Nilivutiwa laini yake peke yake toka kwenye saketi breka, waya wa 2.5, swichi yake ya amp 20 ukutani. Katikati kuna friji gadi, kile kifaa cha kulinda mashine umeme ukikatika na kurudi, yenye kuchelewesha dakika tatu. Mashine ya vitufe vya kuzungusha haina akili ya kusubiri, umeme ukikatika ukarudi hapohapo kompresa inajaribu kuanza wakati presha bado haijasawazika, inaunguruma, inashindwa, inajizima. Kwa umeme wetu bila gadi ni kuitafutia kifo tu.

Jumla ya kufunga, stendi, mbao, waya na mkono wa mzee ilikaribia laki mbili na nusu. Si ndogo. Split ningelipa kufunga kidogo kuliko hapo lakini grili yake ingenimaliza.

Utendaji: dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, nyingine 25, na wakaguzi wanaulizia thamomita na daftari la joto. Daftari langu la Februari kabla ya AC saa nane mchana limejaa 32, 33, zile dawa za kuweka huko nyuma zilikuwa zinalainika ndani ya pakiti mpaka aibu kumuuzia mtu. Sasa hivi saa nane naandika 25 au 26, hata kwenye lile fukuto la Januari. LUKU (umeme wa kulipia kabla) nayo ipo, tusidanganyane. Ukiwa unanunua uniti kwa shilingi 350 na kitu, mashine hii kwa siku nzima ya duka inakula kama uniti 8 hadi 9, yaani elfu tatu hivi kila siku ya joto. Haina inverter, kompresa ni kuwaka yote au kuzima yote. Miezi ya sita na saba naiwasha mchana tu. Mlangoni nimening'iniza mapazia ya plastiki yale ya buchani na uniti zikashuka.

Kelele zipo. Kompresa iko humo humo kwenye boksi, mteja akinong'ona tatizo lake, na famasi watu wananong'ona matatizo yenyewe mnayajua, inabidi nimsogelee. Kwa chumba cha kulala sikushauri hata kidogo.

Sevisi ndo palipo na wapigaji. Filta ya mbele naitoa mwenyewe kila wiki mbili, inavutika kwa mbele, naiosha kwa maji na sabuni ya kawaida naianika kivulini. Ukiiacha ikaziba, hewa haipiti, koili ya ndani inaota barafu, baridi inakata, na fundi mvivu atasema gesi. Sevisi kubwa nafanya kila miezi mitatu minne kwa sababu barabara yetu ni ya vumbi, kwenye lami ungeweza kukaa muda mrefu zaidi. Mashine inavutwa yote kwa mbele inatoka kwenye kasha, watu wawili, inapelekwa uwanjani. Koili ya nyuma utakuta vumbi limegandamana mpaka unalibandua kwa kidole linatoka kipande kizima. Mota na kapasita (kile kikopo kinachoisaidia kompresa kuanza) vinafungwa nailoni, kisha maji ya mpira wa kawaida kutokea upande wa nje kuelekea ndani, ili uchafu utoke ulikoingilia. Aliyekuja na jeti ya kuoshea magari nilimrudisha, ile presha inalaza yale mapezi membamba ya alumini yote na hewa haipiti tena. Mzee analipwa elfu 30 kwa mara, anaacha ikauke vizuri kabla ya kurudisha, haharakishi.

Kuhusu gesi naomba nieleweke. Gesi ya AC si mtungi wa kupikia kwamba inatumika inaisha, inazunguka humo humo miaka yote, ikipungua maana yake kuna tundu na tundu litafutwe lizibwe kwanza. Halafu hizi za boksi hazina hata valvu ya kuingizia gesi, mfumo wote umechomelewa. Fundi akitaka kupima presha inabidi atoboe bomba afunge kile kivalvu cha kubana, na kile kivalvu ndo mara nyingi chanzo cha kuvuja baadaye. Kwa hiyo mtu akija kwenye sevisi ya kawaida na geji mkononi, muulize anataka kuiingiza wapi. Mimi napima kwa thamomita ya dukani: hewa inayoingia kwenye filta na hewa inayotoka mdomoni, baada ya robo saa ya kuwaka. Ikiingia 26 ikatoka 15 mashine ni nzima, tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni sawa, gesi iache kama ilivyo.

Na kapasita. Msimu uliopita ilianza kuunguruma bila kupoza, mzee kasafiri, nikaita kijana mwingine, hakufungua hata kifuniko akasema dada kompresa imekufa, laki tatu na nusu nakuletea nyingine. Nikamwambia nitampigia. Mzee aliporudi akachomoa kile kikopo cha kapasita, kimevimba juu kabisa kinaonekana kwa macho, akapima kimeshuka chini sana ya kilichoandikwa, akaweka kipya cha namba ileile, elfu 15. Inapiga kazi mpaka leo. Ukisikia kompresa imekufa, sema nipimie kapasita kwanza mbele yangu, na uzime umeme kabisa kabla hajaigusa, na hata ukiwa umezimwa awe makini maana inatunza chaji.

Kwa jumla naipa nne kwa tano, moja nimekata kwa kelele na LUKU. Kama fremu yako ukuta wa nyuma umegusana na wa jirani na mbele ni kioo kitupu hutakuwa na pa kuitokezea, joto lake lazima litemwe nje kabisa, si kwenye korido wala stoo. Hapo huna ujanja, chukua split, tafuta fundi mwenye vakyumu pampu yake mwenyewe, na pesa ya grili uiweke pembeni mapema. Na kwa fremu ya kupanga ongeeni na mwenye nyumba kabla ya kutoboa, wangu alikubali kwa sharti kwamba nikihama naziba tundu na kupiga plasta, tukaliandika kwenye mkataba.