Darasa la juu la elektroniki kituoni: awamu ya kwanza nilitoroka, ya pili nikabaki

Mimi ni fundi wa cherehani. Nalisema hilo mapema ili ujue anayeandika ni nani: sikusomea uhandisi, na kwa miaka mingi elimu yangu ya umeme ilikuwa kujua waya upi nikiugusa nitajuta. Darasa la mwanzo la mikrokontrola (kidhibiti, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) nililimaliza kituoni hapohapo, kituo cha mafunzo cha jamii. Taa zikawaka, zikazimika, cheti nikapewa. Baada ya hapo nilitaka kitu kimoja tu, kifaa cha kuhesabu mishono. Mteja analeta mashine anasema inakwenda polepole. Unaitengeneza, anaijaribu, anasema bado. Wewe unasikia kwa sikio kwamba imechangamka, lakini huna namba ya kumwekea mezani.

Kwa hiyo kituo kilipotangaza darasa la ngazi ya juu, jina langu lilikuwa juu kabisa kwenye orodha. Nimelisoma mara mbili, na tathmini hii ni ya awamu zote mbili kwa sababu mwalimu ni yuleyule, chumba ni kilekile, na bodi mezani ni zilezile za aina ya Arduino Uno, bodi za kujifunzia zenye kidhibiti juu yake. Kilichobadilika ni mpango.

Awamu ya kwanza tulikuwa watu 22 kwenye meza sita, na osiloskopu moja, kile chombo kinachochora umeme kwenye skrini. Tangazo lilikaribisha "wote wenye shauku". Kulia kwangu aliketi kijana ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kushoto aliketi dada anayeandika programu kutwa kucha kazini, ila rezista, kile kifaa kidogo cha kuubana umeme, kwake ilikuwa kipande cha pipi chenye mistari ya rangi. Mwalimu akaeleza rezista kwa ajili ya dada, kijana akapiga miayo. Akaeleza programu kwa ajili ya kijana, dada akatoa simu. Mimi katikati nikawa natazama saa.

Ratiba ilikuwa na vipindi vinane na mada nane: ukatizaji (kidhibiti kukatizwa kazi ili kishughulikie jambo la papo hapo), mawasiliano ya I2C (vifaa kuzungumza kwa waya mbili), Wi-Fi kwa ESP32 (bodi yenye Wi-Fi ndani), mota, betri, kulehemu, kuchora bodi, na "mradi wa mwisho". Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi sana. Sasa nikiikumbuka naona ilikuwa orodha ya matamanio ya mtu, na kila mada pale ni ya kukaa nayo mwezi.

Jioni ya kwanza hatukufanya lolote. Bodi zilikuwa nakala za bei nafuu, zile zinazotumia chipu ya CH340 kuzungumza na kompyuta kupitia USB, na kompyuta za kituo hazikuwa na kiendeshi chake, yaani programu ya kuitambua. Kukiweka kulihitaji nywila ya msimamizi, na mwenye nywila alikuwa ameshakwenda nyumbani. Kwa muda wa saa mbili, watu 22, tunatazama ujumbe uleule kwamba bodi haionekani. Mtu mmoja angekuja siku moja kabla, akachomeka bodi moja kwenye kila kompyuta, jioni ile ingeokoka.

Kipindi cha tatu ndicho kilichonivunja moyo. Mwenzetu alichukua sensa (kihisi) ya umbali, ile HC-SR04 inayorudisha mapigo ya volti 5, akaunganisha moja kwa moja kwenye ESP32 ambayo pini zake, ncha za kuunganishia waya, ni za volti 3.3. Pini ile haikusoma tena. Mimi niliona hapo ndipo penye somo: kwa nini imekufa, rezista mbili zingewezaje kuigawa volti ile, utajuaje kwamba ni pini iliyokufa na programu ni nzima. Mwalimu mwenyewe alitamani kusimama hapo, nilimwona usoni. Lakini ratiba ilimdai Wi-Fi. Akampa mwenzetu bodi nyingine, tukaendelea. Kipindi cha tano sikurudi.

Miezi kadhaa baadaye tangazo likaja tena, safari hii bila neno shauku. Kila aliyeomba alitumiwa kazi ya kufanya nyumbani au kwenye saa za wazi za kituo: taa iwake na kuzimika kila nusu sekunde, na wakati huohuo kitufe kikibonyezwa kionekane papo hapo, bila kutumia delay, amri ya kungoja. Ni kazi ndogo, ukiitazama. Lakini aliyezoea delay, kama mimi nilivyokuwa, anagundua kwamba amri ile inakifanya kidhibiti kisimame kama mtu aliyefumba macho. Kitufe kinabonyezwa na kuachiwa, chenyewe kingali kimefumba. Inabidi ujifunze kuangalia saa ya ndani, millis, na kujiuliza kila mara: je, muda umetimia?

Ilinichukua usiku tatu. Wa tatu ikakubali, nikamwamsha mume wangu aone taa. Hakuelewa kwa nini ni jambo.

(Msomaji anayejua ataniuliza kuhusu millis kurudi sifuri baada ya siku kama 50. Ndiyo, tuliulizwa hilo pia kwenye usaili. Ukichukua wakati wa sasa ukatoa ule wa zamani, hesabu inabaki sawa hata saa ikizunguka. Ukijumlisha muda mbele halafu ukalinganisha, siku hiyo utaumbuka.)

Tuliingia watu wanane. Waliokwama hawakufungiwa mlango. Walipewa jioni mbili za kujifua kisha wajaribu tena, na wawili kati ya hao wanane walipitia huko. Kazi ile iliwafaa hata walioshindwa, maana walijua wameshindwa wapi. Mimi katika awamu ya kwanza nilitoka nikidhani tatizo ni umri wangu.

Mada zikapunguzwa zikabaki nne: ukatizaji, kumbukumbu ya kidhibiti, kutafuta hitilafu, na kuchora bodi. Wi-Fi iliondolewa kabisa. Watu walinung'unika, na mimi nilinung'unika nao jioni ya kwanza, kisha nikasahau kwamba iliwahi kuwapo.

Kuhusu kumbukumbu nitasema mfano mmoja tu. Uno hizi zetu zina baiti 2,048 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Mwalimu alituambia tutenge nafasi ya namba 1,000 za kawaida, za aina ya int, ambazo kwenye bodi hii kila moja hula baiti mbili. Baiti 2,000 zimekwenda, na programu bado haijafanya kitu. Kisha akauliza hizo 48 zilizobaki zitatosha nini. Hakuna aliyejibu, lakini tangu siku hiyo kila mtu mezani kwetu alikuwa anakadiria kabla ya kuandika, kama fundi anayepima kitambaa kabla ya kushika mkasi.

Sasa nije kwenye sanduku.

Mwalimu alikuja na sanduku la plastiki lililoandikwa kwa kalamu nene MBOVU. Ndani mlikuwa na saketi kumi na mbili, kila moja imeharibiwa kwa makusudi, na hakuna mbili zenye ugonjwa mmoja. Vipindi viwili kamili vilikuwa vya sanduku hilo. Watu wawili, saketi moja, mita moja, na karatasi ya kuandika: unashuku nini, utapima wapi, unategemea kusoma nini, umesoma nini. Kubadilisha kifaa chochote kabla ya kuandika kulikatazwa. Kijana mwenzangu alichomoa waya kabla ya kuandika, mwalimu akamrudishia saketi ikiwa na kosa lingine la ziada. "Sasa tafuta mawili, mwanangu."

Saketi yetu ya kwanza, mota na kidhibiti vilikuwa na vyanzo tofauti vya umeme na ncha hasi hazikuunganishwa pamoja. Ya pili, kapasita ya elektroliti, kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo, iligeuzwa hasi na chanya, na mwalimu alikuwa amechagua ya kuhimili volti kubwa ili isitupasukie. Ya tatu ilitutesa dakika 40. Kitufe kilijibonyeza chenyewe kila mtu alipopitisha mkono karibu. Tulipima volti kwenye pini tukapata namba inayotangatanga, leo hivi, kesho vile. Pini ilikuwa haikushikwa na chochote kitufe kikiwa wazi, ikawa inaokota umeme wa hewani. Rezista moja ya kuivuta kwenye volti 5, kimya kikaja.

Dakika 40 kwa rezista moja! Katika awamu ya kwanza mwalimu angetuambia jibu ndani ya dakika mbili. Na mimi wiki iliyofuata nisingejua la kufanya, na ugonjwa huohuo ulikuwa unaningoja kwenye mradi wangu.

Mradi wangu ulikuwa hivi. Sumaku ndogo nimeigandisha kwenye gurudumu la mkono la cherehani, na sensa ya sumaku, A3144, imesimama mbele yake. Kila mzunguko mmoja ni mshono mmoja. Sensa inatoa pigo, pigo linaingia pini namba 2, na ukatizaji unakifanya kidhibiti kiache kinachofanya, kiongeze moja, kirudi kazini. Sensa hii ikizima haitoi volti yoyote, inaachia tu waya uelee, kwa hiyo bila rezista ya kuvuta inahesabu upepo. Hilo nililijua kabla sijaiwasha. Sanduku lilikuwa limenifundisha.

Ambalo sikulijua ni mota. Mota ya cherehani ya nyumbani kwa kawaida ina brashi za kaboni, na brashi zinatoa cheche, na cheche zinaingia kwenye waya wa sensa. Mashine inayokwenda mishono 900 kwa dakika ilinionyesha elfu nne na kitu. Nilifurahi sekunde chache nikidhani nimevunja rekodi. Mwalimu hakunipa jibu. Alivuta ile osiloskopu moja, akaniambia, "Mama, tuangalie kwanza kabla hatujabishana." Pale kwenye skrini pigo la kweli lilikuwa pana na tulivu, na pembeni yake sindano nyembamba za cheche zimejaa. Kwa mishono 1,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 60. Basi pigo linalofuata mwenzake chini ya milisekunde 5 ni la uongo, litupwe. Nikasokota waya wa sensa, nikauhamisha mbali na wa mota, nikaandika sharti hilo la milisekunde. Hesabu ikatulia.

Kosa la mwisho lilikuwa langu mwenyewe. Nilihesabu kwa int, na int ya Uno inaishia 32,767. Baada ya kama nusu saa ya kushona mfululizo, skrini ikaonyesha mishono hasi. Mashine ya kiwandani ya mishono 5,000 kwa dakika ingefika hapo kabla ya dakika saba. Nikabadilisha kwenda namba ya baiti nne, nikadhani nimemaliza, kumbe kidhibiti hiki ni cha biti nane, hushika baiti moja kwa mara, na namba ya baiti nne kinaisoma vipande vipande. Ukatizaji ukiingia katikati ya kusoma, unapata nusu ya namba ya zamani na nusu ya mpya. Inabidi uusimamishe kidogo, unakili namba, kisha uuruhusu tena. Dada yule mwandishi wa programu ndiye aliyenionyesha, na mimi nikamfundisha kushika chuma cha kulehemu. Alikuwa anakishika kama penseli ya wanja.

Lawama ninazo. Ya kwanza ni kuchora bodi kuwekwa mwisho. Tulijifunza KiCad, programu ya bure na nzuri, kila mtu akachora bodi yake, faili zikatumwa kiwandani katika kipindi cha mwisho. Bodi zilifika darasa limekwisha wiki tatu. Chochote kinachongoja kiwanda kinapaswa kuanza mapema, wiki ya pili hata kama michoro ni mibaya, ili bodi zikirudi mtu akutane na makosa yake mwalimu akiwa bado yupo. Mimi ya kwangu nilichora matundu ya sensa kinyumenyume, nikagundua nikiwa peke yangu.

Ya pili ni moshi wa kulehemu. Chumba kina dirisha moja na watu wanane wanachoma kwa pamoja. Moshi ule unatoka kwenye dawa ya kusafishia iliyomo ndani ya waya wa lehemu, na unakereketa koo na mapafu. Feni ya kuuvuta nje ilikuwa kwenye bajeti, tuliambiwa. Tulikohoa na bajeti yetu.

Osiloskopu bado moja. Kwa watu wanane inavumilika. Ada ilikuwa ileile ya awamu ya kwanza, saa za wazi za Jumamosi zikiwemo, na bila Jumamosi hizo mradi wangu usingeisha.

Nyota: awamu ya kwanza mbili, kwa heshima ya mwalimu. Awamu ya pili nne na nusu, na nusu iliyobaki nitaitoa feni ikishafungwa.

Bodi zangu zilikuja tano, zote na matundu yaleyale ya kinyume. Moja, sensa nikiwa nimeigeuza, iko dukani chini ya meza, inahesabu. Mteja wangu mbishi alikuja juzi, nikamwonyesha 870 kwa dakika, akaitazama namba, akaitazama mashine, akalipa. Tatu nimeziweka akiba. Ya tano mwalimu aliiomba, na nilipompelekea Jumamosi alicheka, akafungua sanduku la MBOVU akaitia ndani.