WAV, MP3 au Opus kwenye tovuti? Uzoefu wangu na hadithi za shangazi

Shangazi yangu wa Mwananyamala ni msimuliaji haswa. Akisema "Paukwa!" watoto wa nyumba tatu wanaitikia. Mwaka jana tukakubaliana nimrekodi, hadithi niziweke kwenye tovuti ndogo, mtu abonyeze asikilize. Mimi kutengeneza tovuti ndiyo kazi yangu, ila mambo ya sauti nilikuwa sijawahi kuyagusa.

Hadithi ya kwanza, ya dakika 12, nikaipandisha kama ilivyotoka kwenye Audacity, programu ya kurekodia: WAV, yaani sauti ghafi isiyobanwa, tena stirio. Kwenye Wi-Fi ya ofisini ikacheza safi kabisa, nikajiona fundi. Jioni akapiga simu mama mmoja wa Mbagala, shoga yake shangazi: "Mwanangu, hadithi yenu imenimalizia bando, na fisi hata kisimani hajafika!"

Nilipiga hesabu nikaishiwa maneno. WAV ya kiwango cha CD inakwenda kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani MB 10 na ushee kila dakika. Hadithi moja MB 127! Na ile stirio ilikuwa hasara tupu: maikrofoni moja, shangazi mmoja, sikio la kulia na la kushoto yanaletewa kitu kile kile, na bando linakatwa mara mbili.

Nikahamia MP3, mono (njia moja ya sauti badala ya mbili), kilobiti 64 kwa sekunde. Hadithi ile ile ikashuka chini ya MB 6, na sauti ya shangazi ni yeye mwenyewe, hata ile pumzi anayovuta kabla fisi hajasema neno. Tamaa ikaniingia, nikajaribu 32. Hapo "s" na "sh" zikafifia, sungura akawa kama anatajwa na mtu aliyeziba mdomo kwa leso. Feni ya chumbani nayo, ambayo wakati wa kurekodi wala sikuisikia, ikageuka maji yanayochuruzika kwenye bomba bovu. Nilikuja kuelewa baadaye: MP3 hupunguza uzito kwa kutupa yale ambayo sikio halitayakosa, lakini mvumo wa feni umetapakaa kila mahali, hivyo unagombania nafasi na sauti ya mtu. Dawa haikuwa kwenye kompyuta. Tulizima feni, tukatundika blanketi na kanga ukutani, tukarekodi upya. Dar ya Februari, dirisha limefungwa, feni imezimwa... acha tu.

Kisha nikaijaribu Opus. Hii ni fomati huria, ilipitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, na sauti unazotumiana WhatsApp ndiyo hiyo hiyo. Kwa maongezi ni kiboko. Kwa kilobiti 24 hadithi ya dakika 12 ina MB 2 na kidogo. Nilimvisha mdogo wangu hedifoni, nikamchezea Opus ya 24 na MP3 ya 64 bila kumwambia ipi ni ipi. Akasikiliza, akarudia, akaniuliza kama namtania, maana kwake yote yalikuwa yale yale. Hadithi zote nilizigeuza kwa ffmpeg, programu ya kubadili fomati, ambayo ni ya bure, ila ni ya kuandika amri; asiyezoea ataiona ngumu siku ya kwanza.

Furaha ikadumu siku mbili. Dada mmoja mwenye iPhone ya zamani kidogo akaniambia kila akibonyeza, kimya. Faili za Opus ndani ya Ogg (aina ya faili inayobeba sauti hiyo) simu yake haikuzijua. Suluhisho lipo ndani ya HTML yenyewe, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti: kwenye kile kipengele cha audio unaorodhesha faili mbili, Opus kwanza, MP3 chini yake, kivinjari kinachukua ya kwanza kinayoiweza. Ukiigeuza ile orodha, MP3 ikitangulia, Opus haitaguswa kamwe na utakuwa umejisumbua bure. (Nilifanya kosa hilo wiki nzima.)

Jingine lililonila kimyakimya: ukurasa wangu ulikuwa na hadithi kumi, na baadhi ya vivinjari vilianza kuvuta sauti kabla mtu hajabonyeza chochote. Niliandika preload="none" kwenye kila moja, kukiambia kivinjari kisivute kitu mapema, na matumizi ya seva yakapungua. Hapo kabla, kampuni niliyokodi nafasi kwake ilikuwa imeshanitumia onyo la kuvuka kikomo, kwa Kiingereza kikali, saa nane za usiku.

WAV sijazitupa. Zipo kwenye diski ya nje, na kila nikitaka fomati mpya naanzia huko. Niliwahi kuwa mvivu nikaitoa Opus kutoka kwenye MP3, ikawa kuchakachua kilichokwisha kuchakachuliwa, shangazi akasikika kama yumo ndani ya ndoo.

Kitufe cha kupakua, hata hivyo, nimekiachia MP3 peke yake. Mzee mmoja wa Tandika huja na memori kadi yake nimjazie hadithi mpya, anaichomeka kwenye kile kiredio kidogo cha kuchaji, anakiweka dirishani. Safari moja nilimwekea Opus kwa kujisahau. Kesho yake akanirudishia kadi: "Kijana, umenipa kadi tupu."