TAHADHARI: Unga wa "mitishamba mitupu" wa kushusha sukari

Ndugu zangu, kuna muuzaji anatangaza mtandaoni unga wa kijani "unaoponya kisukari kwa siku 21". Msinunue, nawasihi. Mama mdogo aliutumia, nusura tumzike.

Siku za mwanzo tulishangilia. Kipimo cha asubuhi kilishuka kutoka 14 hadi 6 kwa siku nne. Muuzaji akamwambia aachane na vidonge vya hospitali. Mama mdogo akaogopa, akaendelea navyo. Usiku wa sita nilimkuta shuka limelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Mashine ikasoma 2.3, sukari imeanguka kupita kiasi. Bado alikuwa anameza, tukamnywesha maji ya sukari kwa kijiko huku tukimkimbiza hospitali. Dripu ikampandisha, saa chache baadaye akashuka tena.

Ndipo daktari akaomba alione kopo. Akashuku humo ndani kumesagwa glibenklamaidi, kidonge cha kisukari ambacho nguvu yake hukaa mwilini muda mrefu. Kumbe si jambo geni: Singapore mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeanguka, wengi wao wakihusishwa na dawa haramu za nguvu za kiume zilizochanganywa na kidonge hichohicho. Wanne walifariki.

Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Mwili unatoa sumu, ongeza kijiko." Kisha akanifungia namba.

Mimea siipingi. Metformini yenyewe, dawa ya kisukari ya hospitali, chimbuko lake ni utafiti wa mmea uitwao galega, na ilianza kutumika kwa wagonjwa Ufaransa mwaka 1957. Lakini kila kidonge chake kimepimwa miligramu. Uwatu, karela na mdalasini vimefanyiwa utafiti pia, na pale vilipoonekana kusaidia, msaada ulikuwa wa kiasi. Unga ukishusha sukari kwa kasi ya kidonge, shukuni kidonge.

Kopo ni jeupe, kifuniko cha kijani, halina jina la mtengenezaji wala namba ya toleo. Ukiwa nalo, acha kuutumia unga huo na umpelekee daktari kopo lenyewe, usilitupe. Na kama mgonjwa wako anachoma insulini, hasa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, asikubali kabisa kuambiwa aiache: bila insulini anaweza kufa ndani ya siku chache.