Likizo mjini na madogo wa miaka 9 mpaka 12: migahawa nimeipanga, kuanzia ya kukimbilia mpaka ya kukwepa

Mwenye watoto wa miaka mitatu minne huu mwongozo haumhusu sana, wale shida yao inajulikana, kiti kirefu, tishu za kutosha, mnakula chapchap mnasepa. Hapa naongelea hawa wa katikati, miaka 9 mpaka 12, ambao ukimletea karatasi ya kuchorea na penseli za rangi anakuangalia kama umemtukana, ila ukimkalisha masaa mawili na nusu huku wakubwa mnajadili mvinyo nae anaanza kuteleza taratibu kuelekea chini ya meza. Ndo maana familia nyingi zikifika jiji geni zinaishia baga na chipsi siku zote za likizo, eti watoto wanakula hiyo, wakubwa wamenuna, hela zinateketea, na jiji lenyewe mnaliacha hamjalionja.

Mi kigezo changu cha kupanga ni hiki: dogo anajichagulia mwenyewe kwa kiasi gani, na anakaa muda gani bila cha kufanya kabla chakula hakijafika. Mapambo, mandhari, nyota za kwenye intaneti, hivyo vinafuata baadae sana. Mtoto wa miaka 11 akichagua mwenyewe atajaribu hata kitu ambacho nyumbani angekisukuma pembeni, ukimchagulia wewe atakula mkate wa mezani na maji basi.

Namba moja, na hapa sibishani na mtu, ni sehemu mnazojipikia mezani. Zile za Kikorea zenye jiko katikati ya meza mnachoma nyama wenyewe, au zile za Kichina zenye sufuria la supu linachemka hapo hapo na kila mtu anatumbukiza anachotaka. Dogo ana kazi ya kufanya tangu anakaa, simu inasahaulika bila ugomvi, na mkubwa anakula chakula cha kikubwa kweli kweli, si cha kuvumilia kwa ajili ya mtoto. Anaependa pilipili anaweka yake, asiependa anaiacha, na sehemu nyingi za supu wanakuletea sufuria lililogawanywa mara mbili, upande mkali upande wa kawaida. Ila kuna mambo ya kuangalia. Koleo la nyama mbichi lisiguse iliyoiva, mwambieni dogo mapema kabla hajaanza mbwembwe. Kama ni ya kula mpaka ushibe ulizeni bei ya mtoto inahesabiwaje, maana kuna wanaoangalia umri na kuna wanaopima kimo, na dogo mrefu wa miaka 10 anaweza kulipiwa kama mtu mzima. Ulizeni pia kikomo cha muda, wengi wanawapa saa moja na nusu hivi, na wengine wanachaji mkibakiza chakula. Na msiende hapo mkiwa na tiketi za tamthilia baada ya hapo, mtanuka moshi usiku kucha.

Namba mbili: masoko ya vyakula, yale majengo au viwanja vyenye vibanda kibao na meza za pamoja. Singapore ndo wameifikisha mbali hii kitu, utamaduni wao wa kula kwenye vituo vya wachuuzi uliingizwa UNESCO mwaka 2020 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na Lisbon kuna soko la zamani ambalo tangu 2014 sehemu yake imejaa vibanda vya wapishi wazuri tu. Uzuri wake hakuna wa kumsubiri mwenzie achague, mmoja anataka tambi, mwingine samaki, mwingine hana njaa anataka aisikrimu, wote mnakaa meza moja. Dogo wa umri huu kutembea peke yake mita thelathini kwenda kuoda na kurudi na trei yake ni raha kubwa kuliko chakula chenyewe. Mpe kiasi chake maalum cha hela mkononi, la sivyo mtashangaa, maana vitu vidogo vidogo vikijumlishwa vinaizidi bili ya mgahawa wa kukaa. Mtu mzima mmoja abaki analinda meza, na mnakubaliana mapema mkipotezana mnakutana wapi. Saa saba mchana kupata kiti ni vita, nendeni saa tano na nusu au subirini saa tisa. Nimeishusha kwa sababu ya kelele tu, mkitaka kuongea vizuri kama familia hapo hamuongei.

Namba tatu ni mgahawa wa kawaida wa mtaani, mzuri, wenye menyu fupi, ila MCHANA. Hii watu wengi wanaikosea, wanaweka mlo mkubwa usiku wakati miguu imechoka na dogo keshaanza kisirani. Mgahawa ule ule, jiko lile lile, mchana mara nyingi wana menyu ya bei moja ambayo ni nafuu kuliko usiku, Ufaransa na Hispania hiyo ni kawaida kabisa, na foleni ni ndogo. Halafu Hispania ukitegemea chakula cha usiku utasubiri, jiko nyingi hazianzi mpaka kwenye saa mbili na nusu usiku huko, na Ufaransa na Italia wengi wanafunga kati ya mchana na usiku, kwa hiyo saa kumi jioni mna mtoto mwenye njaa na milango yote imefungwa. Bebeni kitu cha kutafuna. Mkifika, msikimbilie menyu ya watoto, ambayo karibu kila jiji ni kuku wa kukaangwa na tambi, muulizeni mhudumu kama anaweza kumtolea dogo nusu ya sahani ya wakubwa, wengi wanakubali bila shida. Kukiwa na jiko la wazi ombeni meza inayoliangalia, dogo akitazama moto na visu dakika ishirini za kusubiri zinapita tu.

Namba nne, sushi ya kwenye mkanda, yaani vile vipande vya Kijapani vya wali na samaki vinavyopita mbele yenu kwenye mkanda unaotembea. Alieianzisha ni Yoshiaki Shiraishi, Osaka, mwaka 1958, wazo alilitoa kwenye mikanda ya kiwanda cha bia, na mpaka leo nadhani hakuna mgahawa wenye kusubiri kidogo kuliko huo, unakaa unachukua sahani inayopita. Si samaki mbichi pekee, kuna mayai, kuna uduvi uliopikwa, kuna vitu vitamu. Sahani zinalipwa kwa rangi mara nyingi, kwa hiyo mpangieni dogo idadi na rangi kabla hajakaa, si baada. Ingekuwa juu zaidi kama si viti vya kaunta, mnajipanga mstari mmoja familia nzima na wa mwisho hasikii kitu, na dakika arobaini mmemaliza hata kama wakubwa walitaka kutulia. Omba meza ya pembeni ya mkanda.

Bafe ya hoteli naipa namba tano, asubuhi tu. Usiku ghali, chakula kimekaa.

Migahawa ya themu, ile yenye dinosaria wanaonguruma au wahudumu waliovaa kimaharamia, dogo wa miaka 9 atafurahi, wa miaka 12 ataona aibu kuonekana humo, na mkubwa analipia mapambo. Nendeni mara moja kama kuna birthday, basi.

Zile za juu ya ghorofa zenye kuangalia jiji lote, msile hapo mlo kamili, nendeni kwa kinywaji na keki kabla jua halijazama, mandhari ni yale yale na bili ni nyingine kabisa. Pigeni simu kwanza maana baadhi zikifika jioni zinageuka baa na watoto hawaruhusiwi, hakuna kitu kinachoudhi kama kurudishwa mlangoni mkiwa mmevaa vizuri.

Ya mwisho kabisa ni zile za sahani nane au kumi alizochagua mpishi, masaa matatu. Hapo dogo hachagui kitu na kusubiri ndo mtindo wenyewe. Kama mnaitaka sana, iwe usiku wa wakubwa peke yao.

Kwenye kubuku, wakubwa chujeni mbaki na migahawa mitatu halafu dogo achague mmoja, asiachiwe jiji zima achague. Iwe karibu na mtakapokuwa saa hiyo, si karibu na hoteli, maana kupanda treni dakika arobaini na njaa kunaharibu hata mgahawa mzuri. Maoni ya watu someni yale ya karibuni yenye nyota mbili tatu, hapo ndo utajua wanasubirisha kiasi gani. Mwenye aleji aseme wakati wa kubuku na arudie mezani, nchi za Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2014 mgahawa unatakiwa uweze kukuambia vizio 14, yaani vitu vinavyoleta aleji, kama vimo kwenye chakula, karanga, maziwa, mayai na wenzake, lakini usikae kimya ukisubiri wakuambie wao. Na bili ikija isomeni yote kabla ya kuongeza bakshishi, sehemu nyingi chaji ya huduma wameshaiweka tayari hapo chini.