Bonanza la ofisi Bagamoyo: uzoefu wangu mimi niliyelipa

Nianze na hela, maana ndiyo kazi yangu. Kampuni iliyotuandalia siku hii ilitoza shilingi 85,000 kwa kichwa. Tulikuwa watu 23, hesabu ikaja 1,955,000. Ndani yake mna waendeshaji wawili, eneo la ufukweni Bagamoyo, vifaa vya michezo, maji ya kunywa na tisheti za njano zilizotoa rangi siku hiyohiyo kwa jasho. Usafiri juu yetu. Chakula cha mchana kilikuwa 25,000 zaidi kwa kila mtu, nami nilipokiona hicho kipengele nikakipiga mstari. Bosi akauliza watu watakula nini. Nikamwambia tutapika. Nilikuwa nabana matumizi tu, sikuwa na busara nyingine yoyote kichwani.

Sisi ni wakala wa forodha, Dar es Salaam, kazi yetu kuwatolea watu mizigo bandarini. Nusu yetu tunakaa ofisini na kompyuta na kiyoyozi, nusu ni vijana wa bandarini wanaoshinda juani wakifukuzia kontena. Kati yetu kuna ugomvi wa kudumu, na jina lake ni risiti. Kijana anachukua masurufu, yaani hela za kazi za siku, asubuhi. Jioni mimi nataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yeye ananiletea kipande cha karatasi kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: "kupakua 40,000." Namkatalia. Anaondoka anasonya. Tumeishi hivyo miaka minne, hadi bosi alipochoka kuwa hakimu akasema basi, tutafute watu watupeleke mahali tukajenge timu.

Basi letu dogo la Kosta liliondoka Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Foleni ya Tegeta haina Jumamosi, lakini ukishavuka Bunju barabara inafunguka: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, unaanza kusikia harufu ya bahari. Wa ofisini tulikaa mbele, wa bandarini nyuma. Hakuna aliyepanga.

Saa tatu tulikuwa mchangani tumesimama duara, kila mtu anataja jina lake na mnyama anayefanana naye. Simba walikuwa saba. Tuyapite hayo.

Mchezo wa kwanza wa maana ulikuwa mnara wa tambi. Kila kundi linapewa tambi 20 ndefu mbichi, uzi, utepe wa gundi na pipi moja laini, na dakika 18 za kujenga mnara mrefu iwezekanavyo, pipi ikae juu kabisa. Mwendeshaji alitutania kwamba watoto wa chekechea huwashinda wahitimu wa biashara kwenye mchezo huu, kwa kuwa mtoto anabandika pipi tangu mwanzo, anaona inaanguka, anarekebisha. Mkubwa anapanga, anachora, anabishana, dakika ya mwisho anaweka pipi juu na mnara wote unalala. Kundi langu lilikuwa na bosi, mimi na mkuu wa nyaraka. Tulichora. Dakika ya 17 tukaweka pipi, tambi zikapinda kama mtu anayesalimia wakwe. Vijana wa bandarini, ambao hawakuchora kitu, mnara wao ulisimama mpaka upepo wa kusi ulipokuja kuuchukua, na kwa haki ulikuwa umeshapimwa. Mchezo huu naupa alama zote. Vifaa vyake unaweza kuvinunua kwenye duka la karibu bila kumlipa mtu yeyote, ila ni kweli kwamba tungejifanyia wenyewe tungeishia kubishana nani ashike saa.

Kisha kikaja kile cha kuanguka kinyumenyume, unafumba macho na kujiachia wenzako wakudake. Hapa nina lalamiko. Hakuna aliyetuuliza mapema nani ana mgongo, nani ana goti, nani hataki kushikwa. Dada wa mapokezi amevaa hijabu, na nyuma yake wamepangwa wanaume sita mikono mbele. Akasema kwa upole, "Mimi nitatazama." Mwendeshaji akaona ni woga, akaanza kuwapigisha watu makofi ya kumtia moyo. Dada wa watu akabaki amesimama anatabasamu lile tabasamu la kuomba ardhi ipasuke. Ikabidi mzee dereva aingilie: "Mwanangu, huyu haogopi kuanguka. Hataki. Ni vitu viwili." Makofi yakakatika. Kama unalipia huduma ya aina hii, dai wakutumie ratiba wiki moja kabla, uwaulize watu wako faraghani, na ufute kisichowafaa. Ratiba yetu niliiona ndani ya Kosta.

Na kubwa lao likafuata. Walikiita kiti cha ukweli. Mnakaa duara, mmoja anakaa katikati, kila mwenzake anamwambia jambo moja linalomkera. Mbele ya bosi. Saa tano asubuhi, jua limeanza kuchoma, na watu hawajala tangu chai. Zamu yangu ilipofika, kijana mmoja wa bandarini, mkimya kuliko wote, akasema, "Dada, wewe unatuona sisi wezi."

Alitamka hivyohivyo, bila hasira. Nilisikia masikio yanapata moto. Nikasema mimi nafuata utaratibu. Mwingine akadakia, "Utaratibu gani, dada, wa kumfanya mtu alipe faini ya kontena kuchelewa kwa mshahara wake?" Mkuu wa nyaraka akanitetea, akajibiwa, wakaanza wawili, wakawa wanne. Mwendeshaji, kijana mzuri wa miaka kama 25, alikuwa anatabasamu na kusema "vizuri, vizuri, tutoe yote," na usoni ungeona kabisa hajui yakishatoka yanakwenda wapi. Alijua kufungua, hakujua kufunga. Ukweli wa aina hiyo kwetu huwa una mzee wake wa kuusimamia, una kona yake na una saa yake. Huwezi kuumwaga ufukweni halafu ukapuliza filimbi na kusema "mapumziko dakika kumi."

Mapumziko yale ndiyo tukaenda kuwasha moto.

Nyuma ya banda palikuwa na mafiga, na sufuria mbili kubwa tulizokodishwa kwa 20,000. Tulikuwa tumekuja na mchele kilo tano, nyama kilo saba, viazi, vitunguu, viungo na tikiti. Vyote pamoja havikufika laki mbili, dhidi ya 575,000 za chakula chao. Anayejua kupika pilau la watu wengi ofisini kwetu ni mmoja tu: mama wa chai. Mwaka mzima yeye ndiye anayegonga mlango na kuuliza "niingie?" Jumamosi ile alijifunga khanga kiunoni, akatutazama tulivyokaa na nyuso zetu za kiti cha ukweli, akaanza kugawa kazi kama jemadari. Wewe kuni. Wewe maji. Wewe twanga thomu na tangawizi, na usitwange kama unapapasa mgonjwa. Bosi akapewa kisu na kilo mbili za vitunguu. Alipokata vipande vya kwanza, mama akaviokota, akavitazama kwenye mwanga. "Baba, vyembamba zaidi. Hivi vitaungua nje, ndani vibichi." Bosi akasema sawa mama. Nina miaka sita pale, sijawahi kumsikia bosi akimwambia mtu "sawa mama."

Mimi nikapewa viazi. Na aliyekuwa ameketi upande wa pili wa beseni, naye ana kisu, ni yule kijana aliyesema nawaona wezi. Sidhani kama mama alipanga, ingawa siweki mkono motoni. Tulimenya viazi vinne vitano bila neno. Kisha akasema, huku anatazama kiazi, "Unajua wale wapakuaji hawana hata pochi, dada. Risiti ya EFD ataitoa wapi?" Nikamuuliza basi anathibitishaje amemlipa. Akacheka. "Nampigia kesho yake aje tena. Kama nilimdhulumu, haji." Akaniambia jinsi siku moja alivyotoa hela yake mfukoni kwa sababu masurufu yaliisha saa nane, gari la mzigo limeshafungua turubai na mvua inakuja, nami nikamkatalia kumrudishia. Nilikuwa naikumbuka karatasi ile. Nilikumbuka hata maandishi yake. Mvua sikuijua.

Kwenye sufuria vitunguu vilikuwa vimeshakuwa hudhurungi, bizari nyembamba na iliki zimeingia, harufu imetembea mpaka kwa jirani. Mchele ulipotiwa kwenye supu ya nyama, kijana mmoja akashika mwiko kutaka kukoroga. Mama akampokonya. "Ukikoroga tena utakula uji." Maji yalipokauka akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko, akakaa pembeni mikono imekunjwa, na watu 22 wakasubiri ruhusa yake. Tulikula saa nane na nusu, sinia nne, watu sita sita kasoro mmoja. Hakukuwa na sinia la ofisini wala la bandarini, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa anaita majina.

Baada ya hapo siku ikawa nyingine. Kwenye kuvuta kamba, vijana wa bandarini walishajitangaza washindi kabla ya kamba kutoka mfukoni. Lakini dada wa mafaili aliwahi kufanya kazi wizarani na kuvuta kwenye michezo ya SHIMIWI, na ile si michezo ya kubahatisha, watu wa serikali wanaivutia kufa na kupona. Akatupanga wanane wa ofisini, wazito nyuma. "Msivute kwa mikono. Kamba ipite kwapani, viganja vitazame juu, laleni nyuma, miguu ndiyo ivute. Na anayeita ni mimi peke yangu." Wenzetu walivuta kwa pupa, kila mtu na kelele zake. Sisi tulilala tu, visigino vimezama mchangani, tunamsikiliza. Alipoona pumzi zimewaishia akaita. Tukawaburuta kama jahazi lililokwama. Mzee dereva akapata la kusema: mchezo huu ulikuwa kwenye Olimpiki tangu 1900 hadi 1920, kwa hiyo tumechelewa medali miaka mia moja tu.

Jioni tulijiongezea wenyewe matembezi ya kwenda misheni ya Wakatoliki, ile iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Kuna mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa mpelelezi Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kupelekwa Zanzibar na Uingereza. Alifia huko ambako leo ni Zambia, Mei 1873, na watumishi wake, kina Chuma na Susi na wenzao, wakaubeba mwili miezi kama tisa mpaka pwani. Mwongozaji akaeleza kwamba njiani, kwa kuwa watu wa vijiji walikataa maiti ipite, waliufunga ukaonekana kama mtumba wa kitambaa. Mkuu wa nyaraka, mtu asiyecheka, akakohoa. "Hapo walidanganya tamko la mzigo." Tulicheka mpaka mlinzi akaja kutazama. Utani ule usingemchekesha mtu mwingine yeyote duniani, na ndiyo maana naukumbuka.

Kurudi, watu walikaa popote kwenye Kosta, wengi wamelala begani kwa jirani.

Sasa ni miezi mitatu. Mimi na vijana tumetengeneza fomu ya malipo yasiyo na risiti: jina la aliyelipwa, namba ya simu, kazi, sahihi au dole gumba, na kila Ijumaa napiga simu kwa namba mbili tatu. Bosi ameweka kikomo cha kiasi, mkaguzi akaikubali kwa shingo upande. Ugomvi haujaisha, umepungua sauti. Wawili walioparuana kwenye kiti cha ukweli bado hawasalimiani, na hilo nalihesabu kwenye gharama za siku ile ingawa halimo kwenye ankara. Mama wa chai bado anagonga mlango, ila siku hizi haulizi "niingie?"

Kampuni naipa nyota tatu kati ya tano. Walifika kwa wakati, vifaa vilikuwa kamili, mnara wa tambi waliuendesha vizuri. Mbili nimezikata kwa ajili ya dada wa mapokezi na kile kiti. Niliwaandikia yote haya kwa kirefu, na kwenye barua nikataja pia pilau letu.

Wiki iliyopita wamenitumia orodha mpya ya bei. Kiti cha ukweli kimeondolewa. Kuna kipengele kipya: shindano la kupika pilau kwa makundi, 30,000 kwa kichwa, sufuria zimo. Nimeichapisha nikampelekea mama wa chai jikoni. Akaisoma mara mbili, akauliza kama mpishi naye analipa.