Linux Mint kwenye kaunta ya steshenari: ThinkPad X250 yenye RAM GB 4

Kilichonifanya niijaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaowekwa badala ya Windows, ni flash za wateja. Steshenari yangu iko Msamvu, Morogoro, na kutwa nzima napokea flash zenye CV, ripoti za field na barua za maombi ya kazi. Nyingi zimeshazunguka kompyuta za watu, na zinakuja na vile virusi vya shotikati vinavyoficha mafolda ya mtu na kuweka shotikati mahali pake. Ukibofya mojawapo, mashine yako imeshaambukizwa, na kila flash itakayochomekwa baada ya hapo inaondoka navyo. Mteja kulipia printi kisha akarudi nyumbani na virusi vya dukani kwangu, hilo lilikuwa linaniuma sana.

Mashine niliyoijaribia ni ThinkPad X250, used, Core i5 kizazi cha 5, RAM GB 4, SSD GB 128. Hii ni laptopu ya 2015. Windows 11 inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Fundi angeweza kuipiga Windows tena, lakini ningekuwa nimelipia kitu ambacho muda wake umeshakwisha.

Nilichukua Mint 22.2, toleo la Septemba 2025 linaloitwa Zara, lenye mazingira ya Xfce, yaani menyu, madirisha na mwonekano wa skrini. Mint inatolewa kwa Cinnamon, MATE na Xfce, na kwa RAM ndogo kama yangu Xfce ndiyo ya kuchukua. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, ambayo nayo ni Linux, na itapata masasisho hadi 2029. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo nilisubiri bando la usiku, nikaliandika kwenye flash kwa programu ya Rufus, nikawasha laptopu huku nabonyeza F12. Mint inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flash bila kugusa diski, na hapo ndipo pa kukagua WiFi, sauti, tachipedi na mwanga wa skrini kabla hujafuta chochote. Kwenye X250 vyote vilikubali, na hata intaneti ya simu kupitia waya wa USB ilishika yenyewe.

Sasa kuhusu flash. Alikuja mwanafunzi mmoja, amenyong'onyea: "Dada, ripoti yangu yote imegeuka shotikati, na kesho ndiyo mwisho wa kukusanya." Nikaichomeka. Zile shotikati zilionekana kama mafaili ya kawaida yasiyofanya lolote, kwa sababu amri zilizomo ni za Windows. Pembeni yake folda halisi lilikuwa wazi, kwani Mint haiifuati ile alama ya kuficha ambayo virusi huiweka kwenye flash. Nikakopi ripoti, nikaiformati flash, nikairudisha ripoti. Kwa kazi hiyo sitozi hata mia. Ila msielewe kwamba Mint ni chanjo: faili la Word lenye makro mbaya, yaani amri zilizowekwa ndani yake, linaweza kupita kwangu salama likaenda kumdhuru mwenye Windows.

Kwenye kuchapa, LibreOffice, programu za bure zinazofanya kazi za Word na wenzake, inanitosha kwa barua, CV na mitihani ya shule. Tatizo la kurasa kuhama linatokana zaidi na fonti, kwa hiyo nilisakinisha Carlito na Caladea, ambazo upana wa herufi zake ni sawa na wa Calibri na Cambria. Times New Roman inashikiwa nafasi na Liberation Serif. Bado kazi zenye visanduku vya maandishi na picha nyingi huchezacheza, na za namna hiyo naomba mteja anitumie PDF. Kitu kilichonifurahisha mno ni kamusi ya tahajia ya Kiswahili, kifurushi cha hunspell-sw. Barua za Kiswahili hazijai tena mistari myekundu, na makosa ya kweli nayaona.

Printa yangu ya HP ilitambuliwa papo hapo. Ile ya leza, ya kampuni nyingine, ilinitaka nitafute draiva na kuisakinisha mwenyewe, kazi iliyonila asubuhi nzima. Kabla ya kuhama, jaribu printa yako kwanza.

Mambo ya mtandaoni, yaani Ajira Portal, mikopo ya HESLB, vyeti vya RITA, yote nayafanya ndani ya Firefox. WhatsApp haina programu rasmi ya Linux, natumia ya kwenye kivinjari. Xfce yenyewe haili RAM nyingi. Kinachoila ni kurasa za Firefox, na nikifungua nyingi kwa pamoja laptopu inakuwa nzito. X250 ina nafasi moja tu ya RAM, hivyo itabidi niitoe ya GB 4 niweke ya GB 8.

Kinachonizuia kuhama kabisa ni Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi. Kadi zangu zote za harusi, send-off na kipaimara zipo huko, na ingawa LibreOffice Draw inafungua faili za .pub, maandishi na mapambo huachana njia. Kompyuta moja nimeiacha na Windows kwa ajili hiyo. Lakini Microsoft wenyewe wametangaza kwamba msaada wa Publisher unaisha Oktoba 2026, kwa hiyo nimeanza kuzichora upya kadi hizo kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchora. Za send-off zimekamilika, za harusi na kipaimara naendelea nazo. Mwenye steshenari anayezitaka, aje na flash nimpe bure.