Ushirika wa Kipresbiteri Malindi: tathmini kwa anayehamia

Mtu anayehamia Malindi kikazi, awe mwalimu, muuguzi au mfanyakazi wa hoteli, hukawia kidogo tu kabla ya kuulizia kanisa. Kwa kuwa Wapresbiteri wenzangu wameniuliza jambo hilo mara nyingi, nimeona vyema niutathmini ushirika ninaoabudu hapa mjini, hususan namna unavyowahudumia washirika wake na namna wazee wa kanisa wanavyouongoza.

Nianze na lugha. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lilianzia Kibwezi mwaka 1891, likahamia Kikuyu mwaka 1898, na hadi leo wapo watu wa Pwani wanaolihesabu kuwa ni kanisa la watu wa bara. Hapa kwetu ibada, mafundisho ya katekisimu, matangazo na hata vikao vya wazee huendeshwa kwa Kiswahili, na Mgiriama, Mtaita na Mkikuyu hukaa benchi moja pasipo yeyote kuhitaji kunong'onezewa tafsiri.

Huduma ninayoisifu kuliko zote ni ile ya wilaya, yaani kundi la washirika lililo chini ya uangalizi wa mzee mmoja. Ukishakabidhi barua ya uhamisho kutoka ushirika wako wa awali, karani wa Baraza la Wazee hulisoma jina lako mbele ya washirika, nawe hutajiwa wilaya yako na mzee wake. Mzee wa wilaya yetu ni mama anayefanya biashara sokoni. Alifika kwetu jioni akiwa na daftari la jalada gumu, akaandika majina ya watoto na tarehe walizobatizwa, kisha akaniuliza, "Na zamu zako za kazi zikoje, mwanangu?" Hakuna mzee aliyewahi kuniuliza hivyo. Alifahamu kwamba Desemba, mji unapofurika wageni, mtu wa hoteli hapati Jumapili ya mapumziko, na kwa sababu hiyo ibada ya nyumbani ya wilaya yetu hufanyika katikati ya wiki. Msimu unapokwisha na mvua za masika kuanza, baadhi ya hoteli hufunga na mishahara hukatika. Hapo mashemasi hupata kwake habari za nyumba iliyokosa unga au karo, na msaada hufika bila jina la mtu kutajwa mimbarini.

Mama huyu ni mzee kamili, mwenye kura sawa na ya wanaume barazani. Kanisa letu lilimwekea mikono mchungaji wa kwanza mwanamke, Nyambura Njoroge, mwaka 1982, na ninasikitika kwamba bado wapo washirika wanaoliona jambo hili kuwa geni.

Fedha nazo hutunzwa kwa uangalifu. Baada ya ibada, mashemasi wawili na mzee mmoja huimwaga sadaka juu ya meza ya ofisini, mlango ukiwa wazi, wakapanga noti kwa thamani yake na sarafu mafungu mafungu, wakalinganisha na taarifa ya M-Pesa, kisha wote watatu wakatia sahihi kitabuni. Jumla husomwa Jumapili inayofuata. Mahubiri hayana uthabiti wa namna hiyo, kwa sababu mchungaji anahudumia parishi yenye makanisa kadhaa, na asipokuwepo mzee ndiye anayehubiri, mara nyingine kwa urefu usio wa lazima.

Kasoro kubwa iko katika mawasiliano ya baraza. Kwa utaratibu wetu, tulioupokea kutoka Uskoti, mchungaji si mwenye kanisa: yeye ni mwenyekiti wa Baraza la Wazee, uamuzi ni wa baraza zima, na asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwenye presbiteri, yaani baraza la juu linalosimamia parishi kadhaa, na hata Mkutano Mkuu wa kanisa zima. Lakini mtu atakataje rufaa juu ya jambo asilolijua? Mpango wa kujenga ukumbi wa vijana ulijadiliwa barazani kwa muda mrefu, nasi tukausikia siku tuliyogawiwa bahasha za mchango. Vijana wenyewe, ambao ukumbi ni wao, hawakuwa wameulizwa wanahitaji nini. Sina shaka na uadilifu wa wazee hawa, na ukumbi tunauhitaji kweli. Ila waliochaguliwa na washirika wanawajibika kuwaeleza washirika mapema. Nimemwandikia karani nikiomba kwamba mipango ya ujenzi ipelekwe kwanza wilayani, na kwamba muhtasari wa maazimio, isipokuwa yale ya nidhamu ya mtu binafsi, ubandikwe ubaoni.

Kwa ujumla ninaupendekeza ushirika huu, hasa kwa wenye familia na wafanyao kazi za zamu. Anayekuja asisubiri Jumapili ya Meza ya Bwana ndipo aitoe barua yake, kwa maana siku hiyo karani huzongwa na watu wengi. Aipeleke mapema, aseme anaishi mtaa gani, na asiondoke kabla ya kupewa namba ya simu ya mzee wa wilaya yake.